Masenta 10 bora wa kwenye gemu, na somo la Hasheem kwa warefu wa Singida

Ukitaka kuanzisha ubishi kwenye banda la gemu hapa Singida mjini, usiulize Simba na Yanga nani zaidi. Hiyo kila mtu ana jibu lake tangu tumboni mwa mama. Uliza senta gani wa kikapu ni hatari kuliko wote kwenye NBA 2K, halafu kaa pembeni usikilize. Utasikia sauti mpaka barabarani.

Najua msomaji wangu ni mtu wa soka. Wikiendi uko Liti unawatazama Walima Alizeti, Jumatatu uko kijiweni unachambua nani alichoma mechi. Mimi pia mkate wangu unatoka huko huko. Lakini vijana wale wale wanaotoa jero kupiga EA FC, foleni ikipungua jioni, wanaomba diski ya kikapu. Wanaunda ligi yao ndani ya gemu, kila mmoja na timu yake, mastaa wa zamani wanachanganywa na wa sasa, kompyuta inapanga ratiba na msimamo unaandikwa nyuma ya daftari la shule. Ni ligi ya kuigiza, lakini haina viporo na haina mwamuzi wa kutukanwa. Na kwenye ligi hiyo, vita kubwa ni ya kumpata senta.

Kwa mtu wa soka nimweleze hivi. Senta wa kikapu ni kipa, beki wa kati na straika wa kati ndani ya mwili mmoja. Anazuia mpira usiingie, anagombea kila mpira wa juu, halafu anakimbia upande wa pili kwenda kufunga. Ukikosea kumchagua, timu yako imekwisha kabla ya msimu kuanza. Ni sawa na kusajili beki wa kati asiyeruka, kipa asiyedaka na straika asiyefunga kwa mkupuo mmoja.

Sasa kuna jambo moja nililoliona ndilo limenifanya niandike. Kwenye gemu lile unaweza kumtengeneza mchezaji wako mwenyewe. Dogo akishika pedi, kitu cha kwanza anachofanya ni kusukuma kipimo cha urefu mpaka mwisho. Katika matoleo kadhaa mwisho huo ulikuwa futi 7 na inchi 3. Halafu anashangaa: kila inchi anayoongeza, kasi inashuka, kuchezea mpira kunashuka, wepesi unashuka. Gemu linamwambia wazi kwamba urefu haupatikani bure, una bei yake. Hilo la bei litarudi mbele, maana kuna Mtanzania mwenye urefu huo huo ambaye stori yake tumeifunga mapema mno.

Kwanza orodha. Vigezo vyangu ni vitatu. Senta azuie, awe na miguu, na asiwe na tundu ambalo mpinzani mjanja atalitumia. Sijali namba ya jumla ambayo watengenezaji wamemwandikia, ile inayopanda mpaka 99. Namba ni kama bei ya usajili, inaweza kukudanganya.

10. Manute Bol

Mdinka kutoka Sudan, futi 7 na inchi 7. Msimu wake wa kwanza NBA, 1985/86, alizuia mitupo 397. Kwa maisha yake yote kwenye ligi alizuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga: mitupo 2,086, pointi 1,599. Mchezaji wa namna hiyo humpati tena. Kwenye gemu ukimweka golini kwako, mpinzani anaogopa hata kusogea. Tatizo linakuja ukipata mpira. Ni kipa anayedaka penalti tatu kwenye mechi moja lakini ukimrudishia pasi, uwanja mzima unashika kichwa. Anaingia kwenye orodha kwa heshima, nafasi ya kumi inamtosha.

9. Dikembe Mutombo

Jirani yetu wa Kinshasa. Alikwenda Marekani mwaka 1987 kusoma Chuo Kikuu cha Georgetown akitaka kuwa daktari, akaishia kuwa Beki Bora wa NBA mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Akikuzuia anakuonyesha kile kidole chake cha "hapana", na gemu wamekiweka vile vile. Vijana wanakipenda kidole kile kuliko ushindi wenyewe. Mitupo 3,289 aliyozuia inamweka wa pili katika historia. Alifariki Septemba 30, 2024, akiwa ameacha hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake. Kwa nini wa tisa basi? Kwa sababu kwenye kufunga ni wa kawaida. Beki kisiki, lakini kona ikipigwa usimtegemee.

8. Joel Embiid

Mcameroon wa Yaoundé, alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, kabla ya hapo akili yake ilikuwa kwenye voliboli. Mwaka 2023 akawa Mchezaji Bora wa NBA. Anafunga karibu, anafunga mbali, anapata faulo atakavyo. Shida yake ya kweli ni mwili. Alichaguliwa 2014, misimu miwili ya kwanza hakucheza hata mechi moja kwa sababu ya mguu, na majeraha hayajamwacha mpaka leo. Kwenye gemu kuna kitufe cha kuzima majeraha. Ukikizima, Embiid anapanda mpaka tano bora. Mimi sikizimi. Ligi bila majeraha ni mazoezi.

7. Victor Wembanyama

Mfaransa mwenye baba wa asili ya Kongo, na ambaye utotoni aliwahi kuwa kipa wa soka. Kumbuka hilo. Alichaguliwa wa kwanza mwaka 2023, na 2024 akawa Chipukizi Bora kwa kura zote. Anazidi futi 7 na inchi 3 lakini anapiga chenga kama winga. Vijana wa mabandani watanichukia kwa kumweka wa saba, kwa sababu kwao huyu ndiye mfalme. Sawa, lakini tulieni. Hapa kuna watu wenye makombe kumi na moja. Dogo bado ana safari, na Februari 2025 damu kuganda kwenye bega ilimkatishia msimu. Akiwa mzima miaka kumi, nitaandika orodha nyingine.

6. Bill Russell

Ndiye mwenye makombe 11 katika misimu 13, yote na Boston Celtics. Hakuna anayemkaribia. Lakini kwenye gemu anaonekana wa kawaida, na sababu yake inafundisha. Enzi zake NBA haikuwa inahesabu mitupo iliyozuiwa. Ilianza kuhesabu msimu wa 1973/74, yeye akiwa ameshastaafu. Mtu aliyesifika kwa kuzuia hana hata namba moja rasmi ya kuzuia. Gemu linaishi kwa namba, kwa hiyo kile ambacho hakikuandikwa, gemu linakisia tu. Sisi wa soka la Bongo tunalijua hilo. Waulize wazee wako kuhusu mabeki wa zamani, watakusimulia mpaka usiku, lakini mwombe mtu akutafutie rekodi, hana. Kwa moyo wangu Russell ni wa pili. Kwa pedi, ni wa sita.

5. Wilt Chamberlain

Machi 2, 1962 alifunga pointi 100 katika mechi moja dhidi ya New York Knicks. Msimu ule wastani wake ulikuwa pointi 50.4 kwa mechi. Ukisoma unadhani ni makosa ya uchapaji. Video ya mechi ile ya pointi 100 haipo, tunayo sauti ya redio na karatasi tu. Kwa hiyo Wilt wa kwenye gemu ni Wilt wa kusimuliwa, na wasimulizi hawakumnyima kitu: nguvu, kasi, kuruka, vyote. Ni mtamu kumchezesha, lakini nikimtumia nahisi kama nacheza na hadithi. Tundu lake ni mitupo huru. Mpinzani mjanja anamfanyia faulo makusudi, unabaki unaangalia mpira unagonga chuma.

4. Nikola Jokić

Mserbia huyu alichaguliwa wa 41 mwaka 2014. Kwa lugha yetu, alisajiliwa dirisha linafungwa na hakuna mwandishi aliyekwenda uwanja wa ndege kumpokea. Sasa ana tuzo tatu za Mchezaji Bora, 2021, 2022 na 2024, na kombe la 2023 na Denver Nuggets. Haruki, hakimbii sana, hatishi kwa macho. Anatoa pasi. Mnamkumbuka Clatous Chama alivyokuwa anaiona nafasi kabla ya mchezaji mwenyewe hajaiona? Mpe Chama urefu wa karibu futi 7, hapo umempata Jokić. Wadogo wanaopenda kudanki hawamchagui, na ndiyo maana kaka zao wanawafunga kila siku. Kinachomzuia kuingia tatu bora ni kuzuia. Mbele ya kikapu chake mwenyewe si ukuta.

3. Shaquille O'Neal

Makombe matatu mfululizo na Los Angeles Lakers, 2000 mpaka 2002, na yote matatu yeye ndiye aliyekuwa Mchezaji Bora wa fainali. La nne akalichukua Miami 2006. Kwenye gemu Shaq ni kama kumwachia fahali kwenye bustani ya mchicha. Akishapokea mpira mgongo ukielekea kikapu, kaa pembeni. Lakini huyu naye ana lile tundu la Wilt: maisha yake yote alifunga asilimia 52.7 tu ya mitupo huru. Dakika za mwisho mechi ikiwa karibu, ninayemkabili anamkumbatia kwa makusudi, na mimi sina pa kwenda. Straika asiyeweza kupiga penalti dakika ya 90 hawezi kuwa wangu wa kwanza.

2. Kareem Abdul-Jabbar

Misimu 20, makombe 6, tuzo 6 za Mchezaji Bora, pointi 38,387. Rekodi hiyo ya pointi ilikaa karibu miaka 39 mpaka LeBron James alipoipita Februari 7, 2023. Alikuwa na mtupo mmoja, ule wa kuurusha juu kwa mkono mmoja akiwa amekaa kiubavu. Kila mtu aliujua, na hakuna aliyeuzuia. Ni kama winga mwenye chenga moja tu, ya kwenda kulia, na bado mabeki wote wanakwenda kushoto. Wengi wanamweka namba moja na sina ugomvi nao mkubwa. Mimi nimemnyima kwa sababu moja, na sababu hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

1. Hakeem Olajuwon

Mnigeria, mzaliwa wa Lagos, mwaka 1963. Alichaguliwa wa kwanza mwaka 1984, mbele ya Michael Jordan aliyekuwa wa tatu. Mwaka 1994 alichukua kwa mpigo tuzo ya Mchezaji Bora wa msimu, Beki Bora na Mchezaji Bora wa fainali, jambo ambalo mpaka leo hakuna mwingine aliyelifanya. Kombe la 1994 na la 1995 akayapeleka Houston. Mitupo 3,830 aliyozuia ni rekodi ya NBA. Na wakati huo huo alikuwa akiiba mipira kama gadi mfupi.

Kwenye gemu hana tundu. Unaweza kumfunika mwili, atakuzunguka. Ukirudi nyuma, atarusha. Ukiruka, alikuwa anakudanganya, hajarusha bado. Zile hatua zake chini ya kikapu, bega huku, kiuno kule, mguu umeshabadilika, zimewatia aibu masenta wakubwa wa kizazi chake chote.

Miguu hiyo aliipata wapi? Hapa mtu wa soka akae sawa. Hakeem alikuwa kipa. Alikuwa kipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono huko Lagos, na kikapu hakukigusa mpaka alipofika miaka 15 hivi. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba michezo ile ndiyo iliyompa wepesi na hesabu ya hatua. Alipofika Houston, kila kiangazi alikuwa anakwenda kucheza dhidi ya Moses Malone, mtu mzima, bingwa, aliyempiga viwiko mpaka akajua kazi. Kareem ni bora kwa namba. Hakeem ni bora kwa sababu anatuonyesha njia ambayo mtoto wa Kiafrika mwenye urefu na mpira wa miguu anaweza kuipita. Ni njia, na si muujiza.

Sasa nimrudishe yule wa futi 7 na inchi 3.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Yeye naye alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Yeye naye alipita Houston, kwenye shule ya sekondari. Akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na 2009 akaifikisha timu yake nusu fainali ya taifa, akitajwa kuwa beki bora wa vyuo vyote vya Marekani. Juni mwaka huo Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili. Wa pili, jamani! Aliyefuata wa tatu ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry. Hasheem akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na kwenye gemu la enzi hizo alikuwemo, jina kamili, jezi kamili. Kijana wa Kitanzania alikuwa anaweza kumchagua Mtanzania mwenzake na kwenda kumzuia Kobe Bryant.

Kilichofuata tunakijua. Msimu wa kwanza haujaisha akashushwa ligi ya chini kukuza kipaji. Baadaye Houston, Portland, Oklahoma City. Wastani wake wa maisha NBA ni pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Alipotoka huko akaendelea na kazi yake Japan na Taiwan. Wamarekani wakamwandika kwenye orodha za "waliochaguliwa vibaya", na sisi tukaisoma, tukacheka, tukarudi kwenye Simba na Yanga.

Mimi naona tulicheka mahali pa kujifunza. Kufika nafasi ya pili ukiwa umeshika mpira wa kikapu kwa miaka saba tu ni jambo kubwa. Wangapi tunawajua wamefanya? Kilichomkuta ni ile bei ya urefu ambayo gemu linamwonyesha dogo wa Singida kila anaposukuma kipimo. Inchi alikuwa nazo zote. Miguu, nguvu za kusukumana na hesabu za hatua vinahitaji miaka, na miaka ile utotoni hakuipata, kwa sababu hakuna aliyempa.

Anayebisha amtazame Bismack Biyombo. Huyu ni wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili kinaongelewa sokoni kama hapa kwetu. Alichaguliwa wa saba mwaka 2011. Ana futi 6 na inchi 8, yaani Hasheem anamzidi kwa inchi saba. Kufunga si kazi yake kabisa. Lakini amecheza NBA zaidi ya misimu kumi, kwa sababu ana mwili wa kusukumana, anajua asimame wapi na anafika kwa wakati. Kama urefu ndio ungekuwa kila kitu, maisha ya hawa wawili yangekuwa kinyume chake.

Na sisi wa soka tunalijua hili bila kwenda mbali. Dickson Job si mrefu. Kwa kipimo cha mtu anayeangalia mwili tu, asingepewa nafasi ya beki wa kati hata kwenye timu ya mtaa. Lakini anasoma mchezo, anawahi, anaanza yeye kuruka. Washambuliaji warefu wanakuja Bongo na kuondoka, yeye yupo.

Sasa nije nyumbani. Mkoa huu una watu warefu. Nenda mnadani Mkalama au Ikungi uone vijana wa Kidatoga wakipita na ng'ombe wao, utainua shingo. Mashuleni pia wapo. Na kote nilikopita kuripoti mechi za shule, mtoto mrefu anapewa kazi moja: akae golini. Hakuna anayemfundisha miguu kwa sababu "wewe ni kipa, kazi yako mikono". Akifungwa mabao mawili ya chini chini anaambiwa ni mzembe, anaachwa. Kikapu hakijui, kwa sababu kwenye shule yake hakuna goli la kikapu. Kuna magoli mawili ya miti na kiwanja cha vumbi. Msimu wa mashindano ukikaribia anasikia timu ya mkoa ya UMISSETA inatafuta wachezaji wa kikapu, anaitwa kwa urefu wake, anafanya mazoezi wiki mbili, anakwenda kufungwa, anarudi. Hapo stori yake imeisha. Anayemjua ni rafiki zake wanaomwita "Hasheem" kwa utani, na utani wenyewe si sifa.

Hiki ndicho kinachoniuma. Jina la Mtanzania aliyechaguliwa wa pili duniani limegeuka kuwa jina la kumcheka mtoto mrefu.

Sisemi Singida ijenge ukumbi kama ule wa Kigali ambako Ligi ya Kikapu ya Afrika ilianzia mwaka 2021. Nasema vitu vitatu vya bei nafuu.

La kwanza, walimu wa michezo wamtoe mtoto mrefu golini angalau nusu ya mazoezi. Acheze kiungo, acheze pembeni, apokonywe mpira, aanguke, ainuke. Hakeem hakuharibiwa na soka, alijengwa nalo. Hata asipokuwa senta, mtapata kipa anayejua kuanzisha mashambulizi kwa miguu, na makocha wa Ligi Kuu siku hizi wanawatafuta makipa hao kwa tochi.

La pili, magoli ya kikapu. Nguzo ya chuma, ubao na ringi ni kazi ya fundi wa kuchomelea yeyote hapa mjini. Halmashauri zinazoweza kuchonga barabara kwenda kwenye shamba la alizeti haziwezi kushindwa goli moja la kikapu kwa kila shule ya sekondari. Kuna atakayesema upepo wa Singida hauruhusu kikapu cha nje. Upepo ni kweli, mtupo wa mbali utapeperuka. Basi hao wetu watajifunza kufunga kwa karibu, kwa miguu na mabega. Hiyo ndiyo kazi ya senta.

La tatu ni kwa wenye pesa za soka. Singida imejua kuwekeza. Singida United ilicheza fainali ya Kombe la FA mwaka 2018, na Singida Black Stars wamebeba Kombe la Kagame 2025. Mkoa ambao zamani watu wa Dar walikuwa wanaupita tu kwenda Mwanza leo unaogopwa. Klabu yenye akademi haipungukiwi kitu ikiweka goli la kikapu kando ya kiwanja cha mazoezi. Mtoto wa miaka 13 atakayeonekana mrefu mno kwa soka asirudishwe kwao na nauli. Ahamishiwe upande wa pili wa uzio.

Kwa wazazi wanaolalamika kwamba gemu linawapotezea watoto muda, nina neno dogo. Muda unapotea kama mtoto analala hapo na daftari la shule limegeuka msimamo wa ligi, hilo mkemeeni. Lakini msidhani hajifunzi kitu. Ameshajua kwamba ukiongeza urefu, unapunguza kasi, na ukitaka vyote inabidi uvitafute kwa kuvifanyia kazi, mechi baada ya mechi. Hilo ni somo ambalo wakubwa wengi wanaosaka vipaji kwa kuangalia nani anagusa mlango kwa kichwa hawajalielewa.

Orodha yangu ndiyo hiyo. Mwenye hoja ya Wembanyama alete, mwenye hoja ya Kareem pia alete. Ila siku dogo mmoja wa Mkalama atakapotengeneza mchezaji wake mrefu kwenye pedi na kumwandika jina "Hasheem", bila kucheka, nitajua tumeanza kuelewa.